Zambarau ya Baba Pacha

Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa, Baba Pacha hakuwahi kumwagilia maji kitu chochote isipokuwa koo lake mwenyewe. Kwa hiyo siku aliyoingia mlangoni amekumbatia chungu cha udongo chenye ua la majani ya zambarau, mkewe aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani, akauacha mshono katikati.

"Nini hicho?"

"Ua."

"Naona ni ua. Limetoka wapi?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Mtu tu," akasema Baba Pacha, akapita.

Mama Pacha akabaki ameshika pindo la pazia la watu. Alimjua mumewe. Baba Pacha akipewa hata kalamu, atakueleza nani kampa, walikutana wapi, na walicheka nini kabla hawajaagana. Mtu asiye na jina wala kisa hakuwahi kuingia katika nyumba ile.

Waliishi wawili tu siku hizo. Mabinti zao pacha, ambao kwa sababu yao mtaa mzima ulikuwa umesahau majina ya wazazi, walikuwa chuoni katika mji mwingine. Mama Pacha alishona mapazia chumba cha mbele, chini ya dirisha kubwa lililoingiza jua tangu asubuhi hadi alasiri. Baba Pacha alifanya kazi gereji, lakini si ya kushika nyundo. Yeye alichanganya rangi. Gari likigongwa ubavuni, alilitazama kitambo, akavuta makopo yake, tone la hili, kijiko cha lile, akakoroga, akapaka, na likishakauka hata mwenye gari hapajui palipogongwa. Gerejini walimwita Jicho, na jina hilo alilivaa kama suti.

Sasa Jicho akaenda kuliweka ua lake dirishani, pale pale mwanga unapoangukia sindano ya mkewe.

"Hapo unanizibia."

"Linataka mwanga."

"Na mimi je?"

"Sogea kidogo, mama. Ni ua tu."

Lilikuwa zuri, hilo Mama Pacha hakulikataa hata akiwa na hasira zake. Majani yalichongoka mbele, na kila jani juu lilikuwa na michirizi miwili ya fedha, katikati yake rangi iliyokuwa zambarau ukilitazama hivi na kijani ukilitazama vile. Lakini ukiligeuza, upande wa chini ulikuwa zambarau tupu, nzito kama wino. Mashina hayakusimama, yalitambaa mpaka ukingoni mwa chungu, yakaning'inia. Yeye aliyeshika vitambaa maisha yake yote hakuwahi kukuta dukani zambarau iliyokolea namna ile.

Ua lenyewe halikumsumbua. Kilichomsumbua ni jinsi mumewe alivyolipenda.

Kila asubuhi, kabla ya chai, kabla hata ya kunawa uso, Baba Pacha alikwenda dirishani. Alichomeka kidole kwenye udongo kuona kama umekauka. Kisha alishika jani moja kwa vidole viwili, akaligeuza taratibu, akainama mpaka uso ukakaribia kuligusa. Mama Pacha alimwona mgongo tu, kutoka mlango wa jikoni, sufuria mkononi. Akamsikia ananong'ona.

"Zambarau," mumewe alisema, kwa sauti ambayo yeye hakuisikia tangu wale pacha walipokuwa wachanga. Halafu, "Bado zambarau."

Akashusha pumzi kama mtu aliyesomewa barua njema, ndipo akaja kunywa chai.

Na kulikuwa na jambo jingine. Zamani Mama Pacha alikuwa akimwonyesha mumewe reli mbili za uzi achague rangi inayolingana na kitambaa, na yeye bila kuinuka anasema, "Ya kushoto." Siku hizi akionyeshwa alisema, "Chagua wewe, wewe ndiye fundi," na kugeuza uso. Mtu aliyekuchoka huanzia kwenye vitu vidogo, Mama Pacha akawaza. Anaanza kwa kukunyima maoni.

Ijumaa moja, akifuta vumbi, aliinua kisahani kilichokaa chini ya chungu. Chini yake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne na kutiwa kwenye mfuko wa nailoni ili isilowe. Akaifungua. Mwandiko ulikuwa wa mviringo, safi, mistari imenyooka pasipo kuchorwa. Mwandiko wa mwanamke, angeapa mbele ya yeyote.

"Usilitie maji mpaka udongo ukauke urefu wa kidole. Usiyamwage juu ya majani. Liweke penye mwanga. Likikaa gizani zambarau inapotea, linabaki kijani. Litazame kila asubuhi ukiamka. Na Jumanne usikose."

Hapakuwa na jina wala sahihi. Mtu anayejijua anajulikana hahitaji kutia sahihi.

Mama Pacha akaisoma mara tatu, akaikunja mara nne kama alivyoikuta, akairudisha. Kisha akaketi kwenye cherehani na kushona pindo la pazia zima upande wa nyuma, akalazimika kulifumua lote.

Dada yake alipokuja Jumamosi, alimweleza. Hilo lilikuwa kosa, maana dada huyo ukoo mzima ulimwita Redio, na hawakumwita hivyo kwa sababu ya uimbaji.

"Mimi sisemi kitu, mdogo wangu," akasema Redio, akiwa tayari ameshavuta kiti karibu. "Nauliza tu. Wewe umewahi kuona mwanamume anapewa ua na mwanamume mwenzake?"

"Sijawahi."

"Haya. Na hiyo Jumanne kuna nini?"

"Jumanne anarudi saa zake zile zile."

"Kurudi anarudi. Kutoka anatoka saa ngapi?"

Swali lile likamkaa Mama Pacha kifuani mpaka Jumanne yenyewe. Ilipofika saa nane na nusu mchana akapiga simu gereji. Akapokea bosi, mtu wa kelele lakini mwema.

"Jicho? Ametoka, shemeji. Jumanne si huwa anatoka mapema? Kuna tatizo nyumbani?"

"Hakuna tatizo. Nilisahau tu."

Saa kumi na moja na nusu Baba Pacha akaingia, akavua viatu, akajinyoosha kitini. Mkewe akamwekea chai.

"Leo kazi vipi?"

"Tumechoka. Magari yamejaa mpaka nje."

Alisema hivyo akiwa anakoroga sukari, hakupepesa hata jicho. Mama Pacha akampa nafasi moja ya mwisho. Akaketi mbele yake na kuuliza taratibu, "Baba Pacha, una jambo linakusumbua?"

"Jambo gani? Kazi tu."

Basi. Kama ni kazi tu, na yeye alikuwa na kazi yake.

Kesho yake, mume alipokwisha kuondoka, Mama Pacha alilibeba lile ua mpaka stoo, alikohifadhi vipande vya vitambaa na maboksi ya ndoano. Stoo haikuwa na dirisha. Akaliweka nyuma ya mafungu ya bitana, akafunga mlango. Saa kumi na moja jioni akalirudisha dirishani, akakigeuza chungu kama kilivyokuwa, shina refu upande wa kulia, akafuta hata duara la maji lililobaki ubaoni. Siku ya kwanza aliona haya, kama mtu aliyefungua mkoba wa mgeni. Siku ya tatu hakuona haya. Siku ya nne akajikuta anaimba wakati akilifungia.

Karatasi ilisema kweli. Wiki ya kwanza hapakuonekana kitu. Ya pili, majani mapya yalichipuka madogo, yameachana, shina likijivuta kama linatafuta njia ya kutoka. Ya tatu, rangi ikaanza kukimbia. Michirizi ya fedha ikafifia, juu kukabaki kijani cha mchicha, na ule wino wa chini ukachujuka kama nguo iliyozidishiwa dawa ya kufulia. Mama Pacha alilitazama kwa ridhaa ya ajabu. Hebu huyo mwenye mwandiko mzuri aje alione.

Lakini mumewe hakulichukulia kama alivyotarajia. Alidhani atanuna, atauliza, pengine atalikimbiza kwa huyo aliyempa. Badala yake Baba Pacha asubuhi alikaa pale dirishani muda mrefu zaidi. Aliligeuza jani hili, akaligeuza lile, akakibeba chungu mpaka mlangoni penye mwanga wa nje, akafuta macho kwa pindo la shati, akatazama tena. Neno "zambarau" halikusikika. Chai ilipoa. Jioni alikula vijiko viwili vitatu akasogeza sahani.

Anamlilia, Mama Pacha akawaza. Analilia ua la mwanamke mbele yangu mimi.

Siku moja, Jumatatu, akamwita.

"Mama Pacha, hebu njoo. Hili ua unalionaje?"

Amejua, akafikiri. Akaja polepole, akijifuta mikono ambayo haikuwa na maji.

"Lina nini?"

"Rangi yake. Unaona rangi gani?"

Mumewe hakuwa akilitazama ua. Alimtazama yeye, kwa namna ambayo mtu humtazama daktari anapofungua bahasha. Mama Pacha aliona ule mtazamo, na baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakuusoma. Lakini wakati ule alikuwa na hofu ya kukamatwa, na juu ya hofu alikuwa na hasira.

"Zambarau," akasema. "Si ndivyo ulivyolileta? Ni lile lile."

"Halijabadilika?"

"Hata kidogo."

Baba Pacha akatikisa kichwa. Akashika ukingo wa dirisha. "Haya," akasema. Akavaa viatu, akaenda kazini bila kuonja chai.

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Saa saba mchana Mama Pacha alikuwa amesimama mbele ya duka la matairi linalotazamana na gereji, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi, akijifanya anachagua tairi. Mwenye duka akamuuliza ni la gari gani, akasema bado anafikiria. Saa nane kasoro Baba Pacha akatoka. Alikuwa amebadilisha shati. Hilo shati safi mkewe alikuwa amelipiga pasi yeye mwenyewe Jumapili.

Akamfuata kwa mbali. Mitaa mitatu, kona ya posta, kisha jengo lenye duka la dawa chini na ngazi nyembamba pembeni. Akapanda. Mkewe akasubiri mpaka nyayo zikaisha, naye akapanda.

Mlango wa juu ulikuwa wazi. Kitu cha kwanza alichokiona, kabla ya kibao, kabla ya watu, ni dirisha, na katika dirisha vyungu saba vimepangwa safu, vyote vya lile ua, zambarau zimening'inia kama pindo la pazia la ikulu. Akajua amefika.

Kulikuwa na benchi na watu kama sita. Mmoja alikuwa na bandeji juu ya jicho. Chumba cha ndani kilitengwa kwa pazia, na hata katika hali ile Mama Pacha aliona pindo lake limeshonwa ovyo. Akasogea kwenye upenyo.

Mwanamke alikuwa amemshika mumewe kidevu. Mnene, wa makamo, gauni jeupe, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Kumbe hata si kijana, lilikuwa wazo lake la kwanza, na likamuumiza zaidi. Mkono wa pili wa mwanamke yule ulikuwa umefunika jicho la kushoto la Baba Pacha kwa kipande cha kadi.

"Hii?" Akaachia kidevu, akanyooshea kidole mraba wa rangi ukutani.

"Kahawia."

"Hii je?"

"Bluu. Au kijani. Sijui, sista."

"Na hii?"

"Kahawia tena."

Yule sista akaandika kitu. "Umesimama pale pale pa mwezi uliopita," akasema. "Hakijashuka kitu. Hiyo ni habari nzuri."

"Si kweli." Sauti ya Baba Pacha ilikuwa kavu. "Macho yameshuka mwezi huu kuliko miezi yote. Lile ua ulilonipa silioni zambarau tena. Limebaki kijani. Mwanzo nilidhani limebadilika lenyewe, nikamuuliza mke wangu, bila kumwambia kisa. Akasema ni zambarau vile vile. Mke wangu ni fundi wa mapazia, sista. Kwenye rangi yule hakosei."

"Vipimo vyangu navyo havikosei."

"Asubuhi hii nimemkabidhi bosi makopo. Nimemwambia meza ampe mtu mwingine."

Mama Pacha alilishika lile pazia lililoshonwa ovyo. Ngazi zilikuwa nyuma yake, hakuna aliyemjua pale. Angeweza kushuka, akafika nyumbani, akachota maji, akaanza kupika. Alilifikiria hilo, na hakujidanganya baadaye kwamba hakulifikiria.

"Mama," akasema mzee wa bandeji kutoka kwenye benchi, "foleni inaanzia huku."

Ndipo alipolivuta pazia.

"Limegeuka kweli," akasema. "Ni kijani. Macho yako hayakukosea, Baba Pacha. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Mumewe akageuza uso, ile kadi bado imefunika jicho moja. Hakuuliza umefikaje hapa. Sista ndiye aliyeuliza.

"Ulikuwa unaliweka wapi?"

"Stoo. Kila siku akishatoka."

"Kwa nini?"

Mama Pacha akamtazama, akavitazama vyungu vya dirishani. Sista alikuwa mtu mzima, akaelewa. Akaiweka kadi mezani. Akasema kwa upole, akimwambia yeye lakini pia akimkumbusha mgonjwa wake, kwamba macho yanaharibiwa na mivuke ya ile tina ya kuyeyushia rangi, miaka yote ile chumba kimefungwa na pua haina kitu cha kuizuia. Daktari alimwambia aache makopo tangu miezi sita nyuma, maana akiacha huenda macho yakasimama pale pale, asipoacha yataendelea kufifia. Akakataa. Alikuwa haji hata kupimwa. "Ndipo nikampa ua," akasema sista. "Nikamwambia, kila asubuhi litazame. Siku usipoiona zambarau, njoo mbio. Nilijua ua hatalikimbia."

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mkewe hatua tatu nyuma. Mkewe akafunga mlango.

"Ulinifuata," akasema Baba Pacha.

"Nilikufuata."

"Ulidhani ni mwanamke."

"Nilidhani."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza. Ukasema kazi tu."

"Na mimi nilikuuliza," akasema mumewe. "Ukasema zambarau."

Baba Pacha akavua lile shati safi, akaliweka juu ya kiti.

"Wiki mbili hizi," akasema, "ukienda dukani, nilikuwa nafumba macho natembea humu ndani. Hatua kumi na moja toka kitandani mpaka mlangoni. Nilikuwa najifunza nyumba."

Mkewe akalia. Hakubembelezwa.

Alhamisi bosi alipiga simu, na sauti yake ilisikika mpaka jikoni. Yule aliyepewa meza ya rangi alikuwa amepaka mlango wa gari jeupe ukawa kama maziwa yaliyolala, na mwenye gari hataki kuondoka. Rudi, Jicho, hata siku mbili. Baba Pacha akasikiliza, akafunga simu, akamtazama mkewe.

"Unasemaje?"

"Mimi sina la kusema."

"Hilo ni kweli." Akakaa akisugua magoti. "Kama usingenidanganya, sasa hivi ningekuwa nimeinamia makopo, na macho yanaisha. Hilo nalijua. Lakini usije ukafikiri nakushukuru."

Akampigia bosi, akaomba kazi ya uwanjani, kwenye kunyoosha bodi na kupokea magari, kwenye hewa. Akapewa. Gerejini waliendelea kumwita Jicho kwa wiki kadhaa, kisha wakaona hageuki akiitwa, wakaacha.

Ndani ya nyumba yakaanza mambo mengine. Sasa hakuwa na la kuficha, akawa anauliza rangi waziwazi. Aliinua shati. "Hii gani?"

"Bluu," Mama Pacha akajibu.

Baba Pacha akalivaa, akatoka mpaka kwenye korido, akamgongea jirani. "Samahani, jirani. Shati langu ni rangi gani?"

"Bluu," akasema jirani, akishangaa.

"Ahsante."

Ikawa hivyo kwa soksi, kwa mfuniko wa dawa, kwa taa ya chaja kama imejaa au haijajaa. Kila neno la mkewe lilipelekwa kwa mtu wa pili. Majirani walidhani wameanza mchezo wa bahati nasibu. Mama Pacha alisikia mlango unafunguliwa, alisikia swali, alisikia jibu lile lile alilolitoa yeye, na mlango unafungwa. Hakulalamika. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akivizia mgongo wa mtu kutoka jikoni. Sasa alijua ilivyo kuishi ukiviziwa.

Redio naye akaja, akaulizwa rangi ya kitambaa cha meza kabla hajaketi. Alipoelezwa yote akapiga makofi mara moja.

"Kumbe ni ugonjwa? Si ndivyo nilivyosema tangu mwanzo?"

"Dada," akasema Mama Pacha, "kunywa chai."

Ua lilikuwa limebaki pale dirishani, Baba Pacha haligusi wala halitazami. Asubuhi alipita moja kwa moja kwenda kwenye chai. Lilikuwa limerefuka, limekonda, majani machache ya kijani kila baada ya shibiri. Mama Pacha alitaka kulitupa. Badala yake akapanda zile ngazi nyembamba peke yake, akamwambia yule sista, "Nifundishe."

Akafundishwa. Alikata mashina marefu chini kidogo ya vifundo, akayatia kwenye glasi ya maji, na baada ya siku sita vifundo vikatoa mizizi myeupe kama uzi. Akachanganya udongo na mchanga ili maji yasituame, akatoboa upya chini ya chungu, akapanda vipande vitano pamoja, vikumbatiane. Kila kichipukizi kilichotaka kukimbia peke yake alikibana kwa kucha, ili shina litoe matawi. Akaisogeza cherehani ukuta wa pili, akawa anashona kwa taa, dirisha akaliachia ua. Hakumwambia mumewe. Wala hakuna aliyemwambia kwamba inatosha.

Jani la kwanza lenye rangi lilitoka baada ya mwezi. Alilikuta asubuhi, dogo kama ukucha, akaligeuza, na chini yake kulikuwa na wino. Akatazama nyuma haraka kama mwizi. Baba Pacha alikuwa mezani, anapaka siagi mkate, macho yako sahanini.

Miezi mitatu ilipopita, ikawa zamu ya vipimo. Sista alikuwa ametuma neno kwamba vyungu vyake vitatu vimeingiwa na wadudu weupe, amevitupa, na kama Mama Pacha ana kipande angempelekea. Kwa hiyo walikwenda wote wawili, yeye amebeba chungu kidogo kifuani, mumewe mbele akimfungulia milango. Njiani mumewe alimwonyesha taa za barabarani na kumuuliza, akamjibu, na kwa kuwa hapakuwa na jirani, akamuuliza muuza magazeti.

Sista akampima kulia, akampima kushoto, akaandika. "Pale pale," akasema. "Miezi mitatu, pale pale." Kisha akakipokea chungu, akavaa miwani yake, akakigeuza juani. "Haya, bwana. Rangi imerudi?"

"Muulize yeye," akasema Baba Pacha. "Mimi sijalitazama."

Watu wa kwenye benchi wakanyoosha shingo. Mama Pacha akajibu taratibu, akichagua kila neno kama aliye mbele ya hakimu.

"Juu fedha na kijani, na zambarau kidogo katikati. Chini zambarau tupu. Jani moja la karibu na udongo lina doa la kahawia. Nilizidisha maji wiki iliyopita."

Sista alifungua mdomo athibitishe. Mzee mmoja kwenye benchi naye alikuwa tayari ameinua kidole. Baba Pacha hakumgeukia sista, wala mzee, wala mtu mwingine yeyote chumbani. Alichukua kofia yake kwenye msumari.

"Basi punguza maji," akamwambia mkewe, akatangulia kwenye ngazi.